Bei Halali ya Chatu Aliyenadiwa Siku ya Mavuno

Malton, Ontario
22 Oktoba 2012

Kwa Mama Anastasia,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mavuno,
Ushirika wa Ibada ya Kiswahili.

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,

YAH: KUTHIBITISHIWA BEI YA NYOKA

Pokea heshima zangu, na pole kwa goti uliloumia siku ya mnada. Naandika kwa unyenyekevu mkubwa, ingawa nimekasirika.

Kama unavyojua, mimi Gelasius, mfanyakazi wa zamu za usiku kwenye ghala la mizigo ya ndege, nafuga chatu nyumbani. Si wale wa kumeza mbuzi. Hawa ni wafupi, hawana sumu, na wakiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa, tabia ambayo wengi wetu tungefaa kuiga. Mwaka huu jike wangu alitaga, na sasa nina makinda tisa. Mke wangu Otilia ametangaza kwamba mama yake anawasili kutoka Bukoba mwanzoni mwa Desemba, kwamba chumba cha ziada ni kimoja, na kwamba mama yake hatalala na nyoka. Ama wauzwe wote pamoja na mama yao, ama yeye na mama yake wataenda kukaa kwa dada yake Brampton, na hakusema watarudi lini. Kwa hiyo nauza. Ninachotaka ni bei ya haki tu.

Bei hiyo, Mama Mwenyekiti, iliwekwa na kanisa lenyewe. Siku ya Mavuno wengine walileta maboga, mikate na mikungu ya ndizi. Mimi sifugi maboga. Nilileta kinda mmoja kwenye boksi la plastiki lenye matundu, nikalifunika kwa kitenge na kuliweka mezani kati ya mahindi na chupa za jamu. Bwana Erick, mnadi wetu, akakifunua kile kitenge, na hapo ndipo ulipoumia goti.

Lakini mnada ukishaanza hausimami, na desturi yetu inajulikana: mtu hununua kitu, humtunukia mwenzake, naye hukirudisha mezani kinadiwe tena. Rogers alimnunua kinda kwa dola ishirini akamtunukia mchungaji. Mchungaji, bila kusogea karibu, akatoa arobaini akaitunukia kwaya. Kwaya walichangishana sabini, wakawatunukia akina mama. Nyinyi akina mama mlitoa mia na ishirini kwa kasi ambayo sijawahi kuiona katika michango ya paa, mkawatunukia wazee. Ndipo Mzee Gerishon akatoa mia na hamsini kumrudishia nyoka wake aliyemleta, yaani mimi. Jumla ni dola mia nne, zote zikaingia kanisani. Habari za bustani ya Edeni nazijua, Mzee Gerishon alinikumbusha mara mbili. Ila nyoka yule hakuuzwa, kwa hiyo hatusaidii kukadiria bei.

Baada ya hapo nimepatwa na haya:

1. Nilitangaza makinda kwa bei hiyo hiyo ya kanisa, nikachekwa. Cliff, jirani yangu Mkenya, alinipigia simu kusema, "Boss, hiyo si bei, hiyo ni deposit ya nyumba." Cliff huyu huyu anaimba besi kwenye kwaya, na kwenye zile sabini alitoa kumi. Alitoa kumi ili nyoka aondoke. Leo hatoi hata tano ili aje.

2. Rogers alifika sebuleni kwangu akasema kwa kuwa sote ni watu wa Kagera, nimwachie kwa kumi na tano. Nilimuuliza kama chatu naye ni mtu wa Kagera. Akanywa chai vikombe viwili, akaondoka.

3. Dada Faudhia alikubali bei, nikafurahi. Kisha akaomba nyongeza, kama anayenunua fungu la nyanya. Nilipouliza nyongeza gani, akasema nimtilie kengine kadogo.

4. Cherono, muuguzi mwenzake Otilia, alitaka kujua kwa nini yule wa kahawia ana bei sawa na yule wa njano. Nilimweleza kwa utulivu kwamba wa kahawia amebeba weupe wa babu yake ndani ya damu, hauonekani, ila unaweza kutokea kwa wajukuu. Akasema hawezi kulipia kitu asichokiona. Bima ya gari analipa kila mwezi, na sijasikia kwamba ameiona.

5. Nilimwomba binti yangu Gift anitafsirie tangazo kwa Kiingereza. Mtoto huyu tangu ajue kusema, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Safari hii alinijibu kwa Kiswahili safi kabisa: sitaki. Hili si la kamati, lakini limeniuma.

Kwa hiyo naomba kamati initolee barua yenye mhuri kwamba bei ya kinda ni dola mia nne, bila undugu wala nyongeza. Na kwa kuwa bei peke yake haimlindi nyoka, naomba pia kila mnunuzi atangulize mshenga na barua, kama kwenye posa. Aje na watu wawili wa kumdhamini, aeleze nyumba yake ina joto kiasi gani, na amletee jike wangu blanketi, kama tunavyomfanyia mama wa bibi harusi. Mimi niruhusiwe kumtembelea kinda kila sikukuu. Sioni kama nimeomba makubwa.

Nisalimie mchungaji, kwaya, akina mama wote, na hata Mzee Gerishon.

Wako katika mavuno,
Gelasius

Baada ya sahihi: Kabla sijaituma barua hii alikuja Bi Sughra kutoka Vaughan, mwalimu mstaafu. Hakuomba kupunguziwa. Aliweka mia nne mezani, akauliza kinda anakula nini na anataka joto gani. Nilimfungia vizuri, nikamsindikiza, nikamuaga. Alipowasha gari nilijikuta barabarani na soksi, kwenye mvua, nagonga kioo, namrudishia hela zake na za mafuta juu. Alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, wewe huuzi." Ni kweli, siuzi. Nawapenda mno. Otilia aliyaona yote kutoka dirishani, na wala hakugomba. Amepanga mama yake alale naye kitandani kwetu, mimi nihamie kwa nyoka. Basi tafadhali yafute yote niliyoandika hapo juu, na Jumapili unitangazie kwamba natafuta godoro la mtu mmoja, jembamba. Mwenye nalo alilete asubuhi nikitoka zamu, na agonge mlango taratibu, kuna watoto ndani.