Chiriku Anasoma, Mwalimu ni Mimi

Jumatatu, 4 Machi

Somo la kwanza leo! Shule ya awali imefungwa, paa linatengenezwa, na Dada kanikabidhi mwanawe. Nimemwahidi kwamba mpwa wangu atasoma kitabu kizima ifikapo Ijumaa. Shemeji akacheka mpaka akapaliwa na chai. Akasema nikishindwa, masomo atayachukua Bi Chaki, na mimi nitakwenda kubeba saruji dukani kwake yeye Shemeji.

Bi Chaki! Jirani wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu. Kafundisha nusu ya mtaa na hakuna siku hajatukumbusha. Tutaona.

Mwanafunzi ana miaka mitano, hana meno ya mbele, na mdomo haufungiki. Ndiyo maana tunamwita Chiriku. Tumeanza na herufi A. Kauliza kwa nini imetanua miguu. Nikasema imechoka. Akasema basi tuiache ipumzike. Somo likaishia hapo. Huruma kubwa kwa mtoto mdogo vile! Kanirithi mimi.

Jumanne, 5 Machi

Herufi ni nyingi kuliko nilivyokumbuka. Lakini mwalimu mwerevu hafundishi, anafundishiwa. Nimekata vikaratasi, nikaandika majina ya vitu, nikabandika kwa uji wa unga: MLANGO, KITI, NDOO, JIKO, KABATI. Nyumba ifundishe, mimi nijinyooshe kochini.

Chiriku kazunguka kutwa akinivuta mkono: hiki kinasemaje, na hiki je, na hii ya mviringo inaitwaje? Nimejibu yote, macho nimefumba. Kipaji hicho.

Jioni Dada kauliza nani kabandika JIKO kwenye kabati. Chiriku akasema ni Mjomba, na alimwambia amekosea ila Mjomba alikuwa anakoroma. Mtoto ana utani!

Jumatano, 6 Machi

Nimepata mbinu. Kitabu ni kimoja, cha mbuzi aliyepotea sokoni. Kwa nini ahangaike na herufi wakati anaweza kukimeza chote? Mimi nasoma, yeye anafuatisha. Kufikia adhuhuri alikuwa nacho kichwani mwanzo hadi mwisho. Kichwa kama sifongo! Upande wa ukoo wetu wote wako hivyo.

Bi Chaki kapita dirishani, akauliza mtoto anasoma au anaimba. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba elimu ya sasa ina mahadhi yake. Nikafunga dirisha. Likanibana kidole.

Ijumaa, 8 Machi

Mtihani umekwisha.

Shemeji kamwalika Bi Chaki awe mtahini. Hiyo ni haki kweli? Chiriku akasimama katikati ya sebule, kitabu mkononi, akaanza. Sauti kama kengele! Dada akajifuta machozi. Ukurasa wa nne akakohoa, kikohozi changu chenyewe cha Jumatano, hakupunguza hata kidogo. Njia ya mwongo fupi, yangu ilifika ukurasa wa saba, mbuzi alipoingia sokoni, Chiriku aliposoma kwa sauti kubwa, “Subiri kidogo, Mjomba anajikuna mgongo.”

Bi Chaki akauliza, taratibu, mbona kitabu kimegeuzwa kichwa chini.

Shemeji akainuka. Akasema saruji inafika Jumatatu alfajiri, nisichelewe. Akageuka aende zake. Na Chiriku akanyoosha kidole kwenye suruali ya babake, ambaye asubuhi alikalia ndoo akifunga viatu.

“N... ndo... ndoo. Baba, wewe si ndoo!”

Kikaratasi changu! Kimemganda nyuma!

Bi Chaki akatoa chaki mfukoni (anatembea nayo, kweli!), akapiga magoti na goti lake bovu, akaandika sakafuni neno ambalo sijawahi kulibandika popote. Chiriku akalikodolea macho. Akaliwekea kidole.

“Jo... go... o.” Akanyanyua kichwa. “Jogoo! Bibi, ni jogoo!”

Akaruka, akamkumbatia babake miguuni. Shemeji, na kikaratasi chake, akaketi chini pale pale. Dada analia na kucheka pamoja. Bi Chaki akamuuliza nani kamfundisha kuunganisha. Chiriku akasema, “Mjomba. Namuuliza, ananiambia. Hata akilala ananiambia.”

Nikaenda jikoni. Niliporudi macho mekundu nikasema nilikuwa namenya vitunguu. Hatukuwa na vitunguu. Sijali. Mpwa wangu kasoma! Hata uzeeni nitakuwa nalisikia lile “o” la mwisho.

Jumamosi, 9 Machi

Saruji imefutwa. Bi Chaki kaniletea karatasi zaidi, akaniasa kwamba mtoto kasoma kwa sababu aliachwa aulize, akajibiwa, basi niendelee vivyo hivyo, na ikiwezekana niwe macho. Nikamshukuru. Wazee lazima tuwaachie maoni yao.

Siri naijua mimi: ni kumeza. Karatasi nimezifungia maandazi. Leo tumeanza hesabu, na nimemwahidi Shemeji kwamba Jumatano ijayo Chiriku atakokotoa mbele ya ukoo mzima. Akanipa mkono haraka mno, akitabasamu.

Mtoto anaendelea vizuri ajabu. Tayari kameza majibu ishirini, kwa mpangilio, bila kukosea hata moja.

Maswali tutayatafuta.