Klabu Yenu Imekufa Bila Kuniaga

Guangzhou, Machi 1998

Kwa aliyekuwa Katibu wa Klabu ya Vallsureda,
Katalunya, Hispania.

Ndugu Katibu wa Marehemu,

Baada ya salamu, mimi ni Ghalib, Mzanzibari mnunuzi wa jezi hapa Guangzhou, na ni shabiki wenu. Nadhani nimebaki peke yangu, kwa hiyo nina haki ya kugomba.

Nimeposa kwa Mzee Vuai wa Kikwajuni, kule kwetu Zanzibar. Mzee ni Yanga damu, mimi ni Simba, na ameapa binti yake Swalha haolewi na mtu wa Simba. Nikatafuta njia. Pale soko la Zhanxi kuna laoban mmoja, mwenye duka la jezi, alikuwa na marobota ya jezi zenu za zambarau, mliagiza halafu hamkuja kuzichukua. Nikazinunua zote. Nikampigia Mzee simu, nikamwambia Simba nimeitupa, sasa mimi ni wa Vallsureda. Akalainika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmekufa kimyakimya. Mwezi uliopita mteja wa viatu kutoka kwenu aliniona nimevaa jezi, akacheka mpaka akakaa juu ya robota. Ndipo naambiwa klabu ilivunjwa tangu tisini na sita. Jamani! Kwetu hata akifa jirani tusiyesalimiana naye, habari inatangazwa msikitini.

2. Historia yenu hainisaidii. Mlianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha vizibo vya chupa, sawa, kazi ni kazi. Mkapanda daraja mara moja, msimu uliofuata mkashuka. Kombe la wilaya mlilichukua kwa sababu basi la wapinzani liliharibika njiani. Haya nikamwambie baba mkwe?

3. Uwanja mmeuza, zimejengwa ghorofa. Nasikia palipokuwa goli sasa ni jiko la mtu. Hivi hamkuona hata haya?

4. Hili ndilo linaloniuma. Nilishindwa kumficha Mzee, nikamweleza. Kasema hamwozi bintiye kwa mfiwa. Nikae matanga kwanza, kisha nirudi na timu inayopumua. Swalha analia, na mimi huku wali nauacha sahanini. Nampenda, Ndugu Katibu, nampenda kweli.

Kwa hiyo naomba klabu ifufuliwe kabla ya Ramadhani. Wachezaji tunao. Josphat, Mkenya mwenye ofisi pale jengo la Tianxiu, hudaka katoni zikirushwa kutoka juu ya lori, huyo atakaa golini. Mimi winga ya kushoto. Jezi, mnajua wenyewe ziko kwa nani. Ninyi leteni jina tu, na muifunge timu kubwa moja hadharani, habari ifike Kikwajuni. Sioni ugumu wowote.

Nisalimieni wachezaji wote popote walipo, na mama aliyekuwa akiwafulia, na hata huyo anayepika golini, maana yeye hana kosa.

Mfiwa mwenzenu,
Ghalib

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Swalha kapiga simu. Babake kachoka kupandwa na presha kila Yanga wakicheza. Tangu juzi anatamba barazani kwamba yeye naye ni Vallsureda, timu pekee duniani ambayo haifungwi tena na mtu. Ndoa ameikubali, kwa sharti mimi na yeye tusiihame timu hii. Basi nawaomba, nawapigia magoti, yote niliyoandika hapo juu yafuteni. Bakini hukohuko kaburini. Mkifufuka mtafungwa, nawajua, na mkifungwa mimi sina mke.