Mguu Wangu Ulivyokwenda kwa Daktari Bila Mimi

Jumatatu, 4 Machi

Mguu wa kushoto umeharibika rasmi. Nimeukagua asubuhi, nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda. Mishipa imetoka kuanzia gotini hadi karibu na kifundo, minene, imejipinda kama mizizi inayotafuta maji. Pembeni kuna mingine midogo myekundu, myembamba, kama buibui kakanyaga wino akapita. Miaka ishirini na sita ya kusimama nyuma ya kiti cha kinyozi! Ikifika saa tisa alasiri mguu unakuwa mzito kama gogo lililolowa.

Kwenda hospitali? Siwezi. Mwenye duka anahamia kwa binti yake, na wiki ijayo atachagua msimamizi. Tuko wawili tu: mimi, wa kiti cha kwanza, na Kidevu, wa kiti cha pili. Tunamwita Kidevu kwa ajili ya ndevu zake, anazozichana zaidi kuliko anavyochana wateja. Mwenye duka amesema anamtaka mtu mwenye miguu ya kusimama. Kasema hivyo hivyo! Kidevu akaitazama suruali yangu.

Leo nimenyoa vichwa kumi na viwili kwa mguu mmoja, kama korongo. Kidevu kaniuliza kama nimeweka nadhiri.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata wazo! Limenijia nikipiga mswaki. Si lazima mgonjwa aende kwa daktari. Zinazotakiwa kwenda ni dalili. Mtu mwingine anaweza kuzipeleka, akarudi na dawa.

Mtu huyo ni Dada. Tangu nifiwe na mke wangu naishi kwake. Kanizidi miaka kumi. Mama alipotutoka ndiye aliyenilea. Ni dobi, anapiga pasi shuka za nyumba ya wageni tangu mimi niko shuleni. Mwanamke hodari. Halalamiki. Tena huvaa magauni ya kufagia sakafu, kwa hiyo hakuna atakayemkagua.

Nikampangia: aseme mguu huo ni wake. Akaendelea kukunja shuka. Akauliza kwa nini nisiende mwenyewe. Nikasema mambo ya kazini, asingeelewa.

Akasema, "Mdogo wangu, tangu lini ugonjwa ukatumwa kama salamu?"

Nikamjibu kwamba dunia imebadilika. Nimemwandikia dalili zote kwa herufi kubwa.

Alhamisi, 7 Machi

Dada amekwenda, amerudi. Mambo yamekwenda mrama.

Daktari ni mama mmoja mkavu, hacheki. Aliisoma karatasi yangu, akaiweka kando, akasema yeye hatibu karatasi. Akamwambia Dada apandishe gauni.

Nikamuuliza Dada kwa nini hakukataa. Akasema angekataaje, na miguu inamuuma?

Kisha akapandisha gauni kidogo, nione. Nikaona. Nikageukia dirisha. Miguu yote miwili! Kama yangu ni mizizi, yake ni mti mzima. Ngozi ya juu ya kifundo imekuwa nyeusi, ngumu, na ina kovu la kidonda alichokuwa akikifunga kwa vipande vya shuka kuukuu.

Tangu lini? Akafikiri. Akasema mimi nilikuwa bado navaa kaptula.

Nyumba moja. Meza moja. Mimi nilidhani yale magauni ni heshima tu.

Daktari alimpaka mafuta baridi, akapitisha kipimo cha ultrasaundi, akamwonyesha damu yake kwenye kioo. Ndani ya mishipa ya miguu mna milango midogo ya kuzuia damu inayopanda isirudi chini. Milango ikilegea damu inateremka, inatuama, mshipa unatanuka. Kusimama muda mrefu huchangia. Urithi pia. Jumanne atatibiwa. Kwa sasa kapewa jozi mbili za soksi za kubana, alizopimiwa kwa futi.

Nikauliza daktari alisema nini kuhusu mguu wangu. Dada akasema habari zangu hazikutajwa.

Nimekaa nikiwaza sana. Hasa kuhusu zile jozi mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeazima soksi moja. Sikumwambia, nisimsumbue.

Kuivaa kumenichukua nusu saa na kumenitoa jasho la mchimba kaburi. Dada ana miguu myembamba, mimi sina. Hadi saa nne vidole vilikuwa na rangi ya zambarau. Saa tano sikuvihisi kabisa. Saa tano na dakika tano nikageuka kuchukua kitana, mguu ukabaki ulikokuwa, nikaangukia mapajani mwa mteja mwenye povu kidevuni. Kidevu akasema hiyo ni huduma mpya.

Nimeirudisha jioni, imetanuka kama mfuko wa sokoni. Dada akaitazama, akainyoosha kwa viganja vyake viwili kama anavyonyoosha shuka, akaiweka. Laiti angenigombeza.

Jumanne, 12 Machi

Nimemsindikiza Dada. Nia yangu ilikuwa kudodosa yangu kwa daktari, lakini nimemsindikiza.

Benchi la kungojea ni gumu. Dada akaanza kusimulia habari za mama, kwamba naye alikuwa na miguu hii hii, alikuwa akiiegemeza ukutani akichambua mchele na kuimba. Mimi simkumbuki akiimba. Nikamuuliza kwa nini hakuja kutibiwa miaka yote.

"Nilisubiri kwanza uoe," akasema. "Ukaoa. Nikasubiri mkeo apone. Baadaye nikaona nimekwisha zoea."

Nikashika mkoba wake.

Wakamwita ndani. Walimtia ganzi, wakaingiza mrija mwembamba kama uzi wa kiatu ndani ya mshipa mkubwa, wakaufunga kwa joto. Ile midogo wakaichoma sindano ya dawa yenye povu, ishikane ndani na kunywea. Nilidhani atatoka kwa machela. Katoka kwa miguu yake! Ameagizwa atembee kila siku, asisimame tu mahali pamoja, na soksi asivue mpaka aambiwe.

Nikamvizia daktari mlangoni. Nikamwambia nina rafiki. Akautazama mguu wangu wa kushoto, akasema rafiki aje.

Ijumaa, 15 Machi

Siku ya kuchaguliwa msimamizi. Nilipanga kumwonyesha mwenye duka nguvu zangu. Nilipomwona anavuka barabara nikakiinua kiti cha kwanza, eti nakisogeza penye mwanga. Chuma cha kukanyagia kikanigonga muundi.

Damu! Si ya kuchuruzika. Ya kuruka, kama bomba lililopasuka! Ikafika kwenye kioo. Nikaona ukungu. Nikasikia mtu akiomba asife, nikatambua ni mimi.

Mlango ukafunguka. Ni Dada, katika matembezi yake aliyoagizwa.

"Mlazeni chini! Mguu juu! Kidevu, bonyeza hapo kwa taulo, usipapase!"

Daktari alikuwa amemfundisha: mshipa wa namna hii ukipasuka, lala, inua mguu, bonyeza, usiachie. Kidevu akapiga magoti kwenye damu na kubonyeza robo saa nzima. Hakutania. Mwenye duka alipoingia alinikuta sakafuni, na mguu wangu umeketi kwenye kiti cha kwanza. Akauliza nani ananyolewa.

Damu ilipokata, Kidevu akapandisha suruali yake. Soksi za kubana! Mbili! Anazo mwaka wa nne. Akasema alikuwa akinitazama miguu kila siku akitafuta namna ya kuniambia, ila mimi siambiliki.

Mwenye duka kamchagua yeye. Nilitafuta hasira moyoni mwangu, nikapata kidogo tu. Nimeihifadhi.

Jumatano, 20 Machi

Nimetibiwa. Mrija, joto, sindano saba. Nililia kwenye ile ya ganzi, ambayo ndiyo ya kwanza. Daktari akauliza rafiki yangu hajambo. Dada alikaa nje kwenye benchi lile lile, akiwa ameshika kofia yangu kwa mikono miwili.

Tumerudi tukitembea polepole. Anatembea upesi kuliko mimi sasa. Kwenye kona akasimama kunisubiri. Nikawaza: huyu mtu amenisubiri maisha yake yote, na mimi nikamtuma apeleke dalili zangu. Nimeapa kubadilika. Nimeapa kwa sauti. Mwanamke mmoja akanipisha njia.

Jumapili, 24 Machi

Sikio la kulia linavuma tangu juzi. Vuuu! Jana mteja alisema masharubu yasiguswe. Mimi nilisikia yafutwe. Ni mwalimu wa kwaya. Alikuwa nayo tangu ujana.

Kwenda hospitali? Kidevu ndiyo kwanza msimamizi, atasema nini? Tena sikio si mguu. Fundi viatu wa mlango wa pili ana kikohozi, na kesho anakwenda kwa daktari. Koo na sikio ni majirani. Nimemwomba, akiwa huko, aseme kwamba na sikio lake linavuma.

Amekubali. Nadhani amekubali. Alisimama upande wa kulia, sikumsikia vizuri.