Jina Langu Mara Arobaini na Moja

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Waziri; Mheshimiwa Msimamizi wa eneo letu la Fizi, ambaye kiti chake tunakiheshimu hata kikiwa kitupu; wachungaji na mapadri; bamama wa soko, wavuvi, wafugaji na wakulima; vijana wa pikipiki, zimeni moteri kwanza; wasanii mliochaguliwa, mliosahauliwa, na mliokuja kwa sababu mlisikia kuna fanta: kila mmoja ajihesabu ametajwa, asitokee mtu kesho kusema mimi, Coordonnateur Jérémie, mratibu wenu wa utamaduni, nilimdharau.

(Makofi. Sauti: “Mimi haukunitaja!”)

Umetajwa, baba, kaa.

Leo hii, katika kadre na muktadha wa mchakato endelevu, shirikishi na wa kisasa wa kuinua utamaduni, mimi binafsi, bila kusukumwa na mtu, nimeileta hapa Baraka sherehe ya Tuzo za Taifa za Muziki, pamoja na Studio ya Taifa ya Kurekodi, ya kwanza kwenye ukingo huu wa Tanganyika, yenye mashine ya baridi na mlango unaojifunga wenyewe! (Vigelegele.) Takwimu zinaonyesha kwamba kati ya kila wakaaji kumi wa Fizi, kumi na mmoja wanaimba.

Sasa washindi. Jury yetu, ambayo ni huru kabisa, ilikutana sebuleni kwangu. Mnajua desturi yetu ya mabanga: msanii, katikati ya wimbo, analitaja jina la mkubwa, ili mkubwa naye ajue kwamba yupo duniani. Basi tulihesabu. Kijana Lionel, katika wimbo wa mapenzi wa dakika nne, amemtaja mpenzi wake mara mbili na mimi mara arobaini na moja. Wimbo Bora wa Mapenzi!

(Sauti: “Kumbe mupenzi ni weye!” Kicheko.)

Wimbo Bora wa Injili, kwaya ya Bwana Bertin: Mungu mara saba, mimi mara tisa. Tulijadiliana sana, wachungaji wakaomba tuandike sare.

Naona mkono. Ni binti Rosette, kutoka Lubondja. Sema, mwanangu, kwa kifupi, maana hotuba ndiyo kwanza inaanza.

(“Papa Coordonnateur, barua yenu ilisema tulete koko wetu, huyu mama muzee, atarekodi leo. Iko na miaka makumi nane na moja. Ule wimbo wa kusindikiza bibi-arusi, ni yeye peke anaujua wote, na kifua inamukamata. Sauti ikienda, imeenda. Sasa studio iko wapi?” Watu: “Ndiyo! Iko wapi?”)

Swali zuri sana, ndiyo maana nitalipita. Koko Pulchérie, jambo, pole na safari ya pikipiki. Jury ilikufuata Lubondja ikakusikiliza, mimi nikaletewa hesabu. Beti kumi na mbili! Umemtaja bibi-arusi, mama yake, shangazi zake, mto, hata mbuzi wa mahari. Mimi: sifuri. Jury ililia, lakini machozi hayana safu kwenye jedwali. Ungeniingiza hata kwenye ubeti wa tano, pembeni ya mbuzi!

(Koko Pulchérie: “Mbuzi ilitolewa. Weye ulitoa nini?” Kiti kimoja kinavunjika kwa kicheko.)

Utulivu! Kuhusu studio, ramani ipo. Yaani, yule atakayeichora yupo. Utepe mnauona wenyewe, na ni utepe halisi, umetoka Bukavu. Koko, usianze kuimba! Protokoli haijakupa neno!

(Ameanza. Anaimba amekaa, mkono kifuani. Rosette anainua simu. Lionel anainua yake. Uwanja mzima unainua.)

Nani amewaruhusu kuitikia? Bamama, nasema… Hata wewe, dereva wangu? (Dereva anacheza.) Ubeti wa nne huu mimi sikuwahi kuusikia. Ngojeni, mnasikia anavyomfunga mdomo yule shangazi? Rudia hapo, Koko! Rudia shangazi!

(Anarudia. Anakohoa. Wanamngoja. Anamaliza.)

Wimbo umeingia wote, Rosette?

(“Wote, Papa! Iko kwa simu ya kila muntu!”)

Basi karani, andika kwenye rapport: leo saa nane na nusu mchana, Studio ya Taifa imefunguliwa rasmi. Futa neno jengo, weka neno mtandao. Utamaduni, juu! (“Juu!”) Fizi, juu! (“Juu!”) Coordonnateur Jérémie… (Mbuzi mmoja analia, mbali.) Sawa. Nawashukuru wageni, wafadhili na kamati. Na zaidi ninyi wenye simu, kwa kujenga kwa dakika tisa studio ambayo sisi, kwa miaka minne, tuliitafutia mhuri, gari na semina tatu za hotelini, na tofali hata moja hatukuwahi kulitafuta.