Faili la Nyumba ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Siku ishirini na moja zimetimia! Sheria ya kupata habari inasema ofisi ya umma ikiombwa kumbukumbu, lazima ijibu ndani ya siku hizo. Niliomba faili la nyumba yetu, iliyo kwenye orodha ya majengo ya urithi. Nataka jina la marehemu baba, mjenzi wake, liwekwe mlangoni. Kibao nimeshakichora, nimekuwa mchora mabango miaka thelathini. Herufi nyekundu. Kubwa kuliko za fundi saa wa ng'ambo ya barabara, ambaye kibao cha babu yake kimemtia kiburi hata hatangulii kusalimia.

Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye tangu nifiwe na mke, kasema aliyelala usimwamshe. Dada hakusoma. Hajui uzito wa nyaraka.

Jumanne, 4 Machi

Masjala. Karani, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, kanipa nakala. Ramani, picha ya baba mlangoni, vipimo vya madirisha. Safi! Lakini kurasa mbili zimepakwa wino mweusi, juu mpaka chini. Kichwa tu ndicho kimeachwa: mahojiano ya ofisi na mama, miaka mingi kabla hajafariki. Nikauliza, hii ndiyo haki ya raia? Karani akasema sheria inayofungua ndiyo hiyo hiyo inayofunga: mle mna mambo binafsi ya mtu aliye hai. Nani? Hawezi kusema.

Nyumbani nimeziinua kurasa dirishani, jua lipenye. Sikuona kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Hila. Nimevaa koti la harusi na miwani ya kuazima, nikajitambulisha kuwa mtafiti kutoka chuo kikuu. Karani kanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha kaniuliza dada yangu hajambo? Wakati wa kutoka, ile miwani ikanipeleka moja kwa moja kwenye kabati la mafaili. Aibu.

Alinihurumia. Akasema mtajwa akiridhia kwa sahihi, kurasa zitafunguliwa. Akanipa fomu, akaongeza kwamba nisihangaike kwenda mbali.

Nimeelewa nikiwa nusu ya njia. Dada!

Ijumaa, 7 Machi

Fomu nimeichomeka katikati ya karatasi zake za zahanati. Nikamwambia aweke dole gumba hapa, hapa na hapa. Akaichomoa ileile. Akaisogeza kwenye mwanga, akaisoma kwa sauti. Polepole, neno kwa neno, hadi namba ya simu ya ofisi.

Nikauliza tangu lini anajua kusoma. Akasema tangu nilipokuwa darasa la pili: mimi nikisoma kwa sauti mezani, yeye akikoka moto nyuma yangu, akiziokota herufi moja moja. Akasema hata daftari hili hulisoma. Naandika vizuri ila najisifu.

Kisha akaomba kalamu. Akaandika jina lake lote. Hakuuliza kurasa zinasema nini.

(Dada, kama umefika hapa: sijisifu.)

Jumatatu, 10 Machi

Karani kanipa zile kurasa bila wino. Sikuzisoma njiani. Niliogopa, sijui kwa nini. Dada akaniambia nimsomee mimi, niliyepelekwa shule. Nanakili maneno ya mama kama yalivyo:

"Baba yao aliondoka msingi haujapanda. Alirudi bati liko juu, akasimama mlangoni akapigwa picha. Matofali nilifyatua mimi. Binti yangu nilimtoa shule ana miaka tisa, anitekee maji ya kukandia udongo. Miaka miwili aliteka, mdogo wake yuko mgongoni. Shule hakurudi tena. Kila nikimtazama, neno linanikwama kooni."

Hapo kwenye mgongo sauti ilinikatika. Dada akaichukua karatasi mkononi mwangu, akamalizia mwenyewe. Akaikunja. Akautazama ukuta kana kwamba kuna mtu amesimama pale.

Akasema, "Kumbe aliona."

Basi. Akaenda kuanua nguo. Mimi nikabaki nimekaa ndani ya nyumba ambayo miaka sitini nimeiita ya baba. Nililia, naandika bila haya. Ningemwambia pole, lakini na mimi neno lilinikwama.

Jumatano, 12 Machi

Nimelikwangua jina la baba kwenye kibao. Litaandikwa la mama, na chini yake la dada. Dada kakubali, ila kasema herufi zipungue ukubwa. Tutaona.

Mimi sasa ni mtu mwingine. Nimeujua uzito wa siri za watu.

Tatizo moja. Karani kasema ukurasa uliofunguliwa kwa mmoja umefunguliwa kwa wote. Yeyote aweza kuuomba. Yeyote! Fundi saa atasoma kwamba baba hakuweka hata tofali moja! Papo hapo nimeandika barua: kurasa zetu zifungwe tena, kwa heshima ya marehemu na faragha ya familia.

Na kwa kuwa nilikuwa na kalamu mkononi, nimeandika ya pili: naomba faili la nyumba ya babu wa fundi saa, kurasa zote, bila wino, kwani umma una haki ya kujua.

Karani akazisoma zote mbili. Akavua miwani, akaifuta, akanitazama. Akauliza agonge muhuri barua ipi kwanza.

Nikamwambia ya fundi saa. Ile ina haraka.