Kompyuta Isiyovumilia Goli

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiponza. Jana tulikuwa kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye kompyuta kubwa kama kabati. Kanifunga tisa bila kwenye gemu ya mpira. Tisa! Mbele ya mama mkwe! Nikasema kosa ni la kibodi yake, vidole vyangu havijaizoea. Nikamwalika Jumamosi turudiane kwangu, kwenye mashine ya maana. Hayo maneno "mashine ya maana" yalinitoka yenyewe.

Mashine yenyewe ni laptopu ya mke wangu. Kuukuu, ina nguvu za kuandikia barua tu. Leo jioni nimeiwekea gemu. Mpira ukaanzishwa, kioo kikawa cheusi. Nikarudia. Cheusi tena. Mke wangu akanikumbusha kwamba Jumatatu ijayo ana usaili wa kazi kwa video. Kazi anayoiota mwaka mzima. Simu hawaitaki, kwa sababu kuna jaribio la kufanya papo hapo kwenye kompyuta, na kompyuta nyingine hatuna. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi ninao mimi, unatutosha wote wawili.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipeleka kwa fundi wa kompyuta, kwenye kile chumba chake kilichojaa matumbo ya mashine. Akaifungua, akapuliza, vumbi likatoka la kupandia maharage. Akauliza kama tumeirithi. Sijapenda. Akasema memori ni ndogo, nipunguze ubora wa picha na nifunge programu zinazofanya kazi chinichini. Alisema nizifunge, nakumbuka vizuri. Mimi nikaona kuzifunga ni kazi nusu. Nikazifuta.

Nimefuta kila nisichokijua. Kimoja kilikuwa na jina refu, kinahusu kamera. Kamera ya nini kwenye mpira? Nikakitimua. Kisha nikaondoa nyasi, nikaondoa vivuli, nikaondoa mashabiki wote uwanjani. Wachezaji sasa hawana nyuso. Kipa wangu ni boksi lenye glovu. Lakini wanakimbia! Kipindi kizima bila kuzima! Nikafunga goli. Giza.

Jumatano, 5 Machi

Sikulala vizuri. Ila ugonjwa nimeujua: inazima goli linapoingia tu, maana hapo ndipo wachezaji wanashangilia na picha zinarudiwa polepole. Mashine hii haivumilii furaha. Tena inachemka. Feni ilinguruma mpaka mke wangu akauliza kutoka jikoni nani anasaga nafaka. Nikasema ni upepo.

Mbinu: baridi. Nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka kwenye friji, kati ya nyanya na maziwa. Kwa muda mfupi tu! Mama mkwe, ambaye yuko kwetu wiki hii, akaja kutafuta maziwa. Akaitazama. Akafunga friji polepole. Mezani ndipo alipouliza, kwa upole kabisa, kama siku hizi kompyuta nazo zinachacha. Mke wangu akacheka, akidhani ni utani. Mimi nilipaliwa na maji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Kama goli linazima mashine, basi goli lisiingie! Bila kwa bila. Kutoka kufungwa tisa hadi sare, hiyo ni heshima iliyorudi. Nimewapanga wachezaji wangu wote mbele ya lile boksi. Nimefanya mazoezi ya kutofunga. Kumbe kufunga ndiko kulikonishinda miaka yote, lakini kutofunga nina kipaji.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Mke wangu kataka kuijaribu kamera. Weusi mtupu. Akasema labda kamera imeharibika, akanitazama mimi, si kamera. Nikasema mashine nazo hupumzika. Nikatoka mbio kwa fundi, laptopu kwapani. Mlango una kufuli. Jirani yake kasema amesafiri, mpaka katikati ya wiki ijayo. Nimekaa kwenye ngazi zake nikihema.

Nikarudi. Mke wangu kaipiga pasi blauzi ya usaili, kaitundika mlangoni. Kila nikipita inaniangalia. Nilitaka kumwambia ukweli leo. Nimeamua nimwambie baada ya mechi, akili ikiwa imetulia.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaja na kibodi yake mwenyewe, ili asisikie visingizio. Mama mkwe akajiweka kiti cha katikati. Shemeji akauliza mashabiki wako wapi. Nikasema wamefungiwa kwa utovu wa nidhamu. Akauliza kuhusu nyasi. Nikasema ni uwanja wa kisasa.

Alipiga mashuti kila upande, ukuta wangu ukasimama imara. Bila kwa bila! Feni inalia, mikono yangu imelowa jasho. Dakika ya mwisho Shemeji akapandwa na hasira, akawapeleka wachezaji wake wote mbele, hata kipa. Mpira ukamgonga beki wangu, ukarukia upande wa lango lake, nikaufukuzia. Lango tupu. Nilijua. Naapa nilijua. Ilitakiwa nipige nje. Kidole kikakataa kunisikiliza. Mpira ukavuka mstari, nikaruka, nikapiga kelele, nikageuka. Giza. Na safari hii haikuwaka tena.

Shemeji akasema goli ambalo halikuandikwa kwenye matokeo si goli. Nikamwita mama mkwe awe shahidi. Akasema yeye aliona boksi tu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, karibu na blauzi yake. Hakuuliza nani kashinda.

Jumapili, 9 Machi

Nimekiri yote, nikiwa nimesimama. Kamera, friji, yote. Mke wangu alisikiliza huku akikunja nguo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba ile kazi aliitaka sana. Nimeona aibu ya kweli.

Nikaenda kwa Shemeji kumwomba mke wangu atumie kompyuta yake. Akasema sawa, ila kwanza nitamke, mama mkwe akisikia kwenye simu, kwamba halikuwa goli. Goli langu la pekee dhidi yake maisha yangu yote! Nikaikumbuka ile blauzi. Nikatamka. Sauti ilikwama katikati, wakanitaka nirudie.

Nikarudi nyumbani kifua mbele na habari njema. Mke wangu akasema anazo tangu jana. Kaka yake alimkubalia palepale baada ya mechi, kabla hata hajavaa viatu vya kurudi kwake.

Alhamisi, 13 Machi

Kapata kazi! Nimemkumbatia mpaka mama mkwe akageukia ukuta. Na kazini wamempa laptopu mpya, nyeusi, nzito. Amesema ni ya kazi tu, na nenosiri analijua yeye peke yake. Nimemwambia naelewa kabisa, nimekoma. Nikauliza tu, kwa kumjali, ina memori kiasi gani.

Nyingi!

Nimempigia Shemeji. Jumamosi, kwangu. Nikamwambia pia kwamba lile lilikuwa goli. Kuhusu nenosiri, nina mbinu. Na kwa tahadhari tu, nimezisogeza nyanya kwenye friji. Nafasi inatosha.