Nilivyoifuata Fremu ya Mzee Nkwabi

Jamani, leo nimefedheheka mpaka masikio yamepata moto. Nimefunga duka mapema, nimejifungia chumbani, nawaandikia nikiwa nimekaa sakafuni. Someni, ila someni kimyakimya.

Kwa wasionijua: mimi ni mrefu. Si ule urefu wa kusifiwa. Ni urefu wa kugonga kichwa mlango wa kinyozi, mlango wa kanisa, na mlango wa choo changu mwenyewe. Nauza dawa za mifugo hapa Kahama, na wateja wangu wengi ni wafugaji wa nje ya mji. Nawafuata kwa baiskeli. Shida ni kwamba baiskeli yangu ni ndogo. Nikikanyaga pedeli, magoti yanapanda hadi kifuani. Nikikata kona, goti linagonga usukani na baiskeli inaenda inakotaka yenyewe. Mke wangu Rahel husema nikiipanda nafanana na panzi aliyekalia kibiriti.

Leo asubuhi nikasema basi. Nikaikokota hadi mtaa wa Nyahanga kwa fundi Shija, ambaye kibanda chake kimepakana na mashine ya kukoboa mpunga.

"Fundi, inyanyue siti."

Akalegeza nati, akavuta bomba la siti juu mpaka likakaribia kuchomoka. Nikapanda. Miguu ikanyooka, raha! Lakini sasa usukani uko chini huko, nimeinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Nikazunguka kidogo mbele ya kibanda. Wakoboaji wakaacha magunia wakanitazama. Nikapunga mkono (kwa nini nilipunga mkono?). Hapo hapo siti ikaporomoka. Chwaa! Ikashuka yote, na mimi juu yake.

(Sitaeleza nilipoumia. Watu wazima mmenielewa.)

Shija akaniinua huku anajitahidi asicheke. "Kaka, tatizo si siti. Ni fremu. Hizi za siku hizi ni fupi. Wewe unataka fremu kubwa, zile za zamani, lile bomba la mtalimbo liko juu hapa." Akanigusa kwenye mkanda.

"Nitaipata wapi?"

Mashine ikawashwa. Wanaoijua sauti ya mashine ya mpunga wananielewa; hata ukimwita Mungu itabidi urudie. Shija akawa anapiga kelele, nami nasikia vipande vipande.

"Ipo moja tu! Ya Mzee Nkwabi! Yule mrefu, nyumba ya bati jekundu!"

"Mzee mwenyewe yuko wapi?"

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mzee ametuacha!"

Nikashika kifua. "Lini?"

"Wiki iliyopita! Magoti yalimtesa sana! Sasa amepumzika!"

(Nilijiuliza mtu anakufaje kwa magoti. Lakini siku hizi magonjwa ni mengi.)

"Na baiskeli?"

"Imeegeshwa tu ukutani! Nenda leo leo, ukoo mzima umekusanyika pale!"

Sasa naomba niseme ukweli, kwa sababu hapa ndipo aibu ilipoanzia. Nilihuzunika, ndiyo. Mzee sikumjua ila kwa kumwona kwa mbali akipita barabarani, mrefu kama mimi, amekaa wima juu ya baiskeli kama mfalme. Lakini huzuni yangu haikuzidi urefu wa kibanda cha Shija. Moyo ulikuwa unasema: fremu, fremu, fremu.

Nikaiacha baiskeli yangu kwa fundi, nikaenda kwa miguu. Njiani nikavua kofia. Nikakunja noti ya rambirambi. Nikaanza hata kujizoeza uso wa huzuni.

Kufika nyumba ya bati jekundu, kila kitu kikanithibitishia. Turubai limefungwa uani. Viti vya plastiki. Akina mama wamejitanda kanga, masufuria makubwa mekoni. Wanaume wamekaa pande mbili, wametazamana, hakuna anayecheka. Na kweli, ukutani, baiskeli. Jamani ile baiskeli! Nyeusi, ndefu, mtalimbo juu, usukani mpana. Nikameza mate. Kwenye msiba!

Mlangoni nikapokelewa na mama mmoja mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Umetoka Mhunze?"

Nikajua waombolezaji wa Mhunze wanasubiriwa. "Hapana mama, mimi wa hapa hapa mjini. Nimeguswa tu, nikaona nisikae nyumbani."

Akanitazama kidogo. "Haya. Kaa upande ule wa wageni."

Nikakaa. Jirani yangu alikuwa mzee mwenye koti la kaunda suti. Nikamshika mkono, nikaushikilia. "Poleni sana."

"Asante, tumeshapoa. Njia ilikuwa ndefu, lakini tumefika."

Maneno mazito hayo! Nikainamisha kichwa. "Ndivyo ilivyo, mzee. Sote ni wasafiri."

Akaniangalia, akasogeza kiti.

Katikati kulikuwa na meza ndogo yenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Upande wa pili mama mmoja mnene, ambaye baadaye nilimjua kuwa ni shangazi, akakohoa akasema, "Haya. Upande wa wageni, kuna mwenye neno?"

Hakuna aliyejibu. Wote wametazama chini. Nikasubiri. Nikaona huruma. Nikasema moyoni, familia hii imekosa hata mtu wa kuwafariji.

Ndugu zangu, nikasimama.

Kichwa kikaingia kwenye turubai, nikalazimika kuhutubia huku nimepinda shingo. "Ndugu zangu, poleni. Mimi si msemaji. Lakini Mzee Nkwabi alikuwa mtu mrefu. Na simaanishi kimo tu. (Nilimaanisha kimo tu.) Pengo lake halitazibika. Sisi tulimpenda, lakini Mungu alimpenda zaidi."

Nikafumba macho kidogo. Nilipofumbua, watu wote walikuwa wamefungua midomo. Nikadhani maneno yamewaingia. Nikaongeza! Kichwa changu hiki, nani alikituma kuongeza?

"Najua si wakati wake kuzungumzia alivyoviacha. Lakini vitu vya marehemu visipopata mtu wa kuvitunza huharibika. Ile baiskeli pale, kwa mfano. Siku familia mtakapokaa, mnifikirie. Mnaona wenyewe nilivyo. Marehemu angefurahi."

Nikasogea mezani, nikafunua kitambaa, nikaweka noti yangu kwenye sahani kwa mikono miwili.

Yule mzee wa kaunda suti akaruka. "Wewe! Umetumwa na nani? Hii sahani ni ya posa! Na wewe unamposa binti?"

"Binti gani?"

"Na marehemu nani?" shangazi akauliza.

"Marehemu... Mzee Nkwabi."

Basi. Kutoka mekoni kikatoka kilio ambacho sijawahi kukisikia. "Mume wangu weeee!" Mama Kulwa, mke wa mzee, akaja mbio na mwiko mkononi. Wanawake nyuma yake wakaangua kilio bila kujua wanamlilia nani. Ndani ya nyumba binti naye akaanza. Kwa hiyo sasa msiba ulikuwepo kweli, na mimi ndiye niliyeuleta.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Mtu akainama kutoka. Kikatoka kichwa, vikafuata shingo na mabega, naye bado anaendelea kutoka. Alipomaliza kusimama, tukatazamana macho kwa macho, jambo ambalo halijanitokea mjini hapa miaka mingi. Mzee Nkwabi. Mzima. Mkononi ana kikombe cha chai.

"Mimi," akauliza taratibu, "nimekufa lini, ng'wanawane?"

Ng'wanawane maana yake ni mwanangu. Kaniita mwanangu. Afadhali angenitukana.

 Nikataka kusema shikamoo, nikasema "Pole."

Kumbe kwa desturi yao, baba wa binti hukaa ndani wakati wengine wanazungumza mahari. Na ule ukimya wote ulikuwa wa kuvutana kuhusu ng'ombe. Mzee wa kaunda suti alikuwa mshenga, naye alishasimama anakusanya watu wake. "Tuondoke. Nyumba inayotangaziwa msiba siku ya posa ina mkosi. Kijana wetu hatumwingizi hapa."

Binti akatoka ndani.  Alinitazama tu, machozi yamemjaa, amesukwa vizuri kwa ajili ya leo. Jamani, nitasahau mengine yote lakini si yale macho. Nilitamani ardhi ipasuke, na ikipasuka iwe ndefu ya kunitosha.

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. Nikawaeleza yote: baiskeli yangu, siti iliyoporomoka, Shija, mashine. Nikawaambia sikuja kwa huruma, nilikuja kwa fremu. Hata nilichokuwa nimekificha nikakisema. Shangazi akachukua simu ya mtu, akampigia Shija, akaweka sauti kubwa.

"Shija, wewe umesema kaka yangu amekufa?"

"Mama! Nani amesema hivyo? Nilisema ameiacha! Baiskeli! Kwa ajili ya magoti! Sasa amepumzika kuendesha!"

Mara Mama Kulwa akacheka. Alianza kidogo, akiwa bado anafuta machozi kwa kanga, halafu akashindwa, akajishika kwenye nguzo ya turubai, turubai likayumba. Uani kote wakaangua kicheko. Hata wale waposaji wa Mhunze. Mshenga peke yake ndiye aliyekaza uso.

"Wanacheka, lakini mkosi ni mkosi," akasema.

Mzee Nkwabi akamkabidhi mkewe kikombe. "Mshenga, aliyezushiwa kifo huishi sana. Na kama unadhani nimechoka, tazama."

Akaenda ukutani. Akaichukua baiskeli. Mama Kulwa akapiga kelele, "Baba Kulwa, magoti!" Hakusikia. Akapandisha mguu juu ya ule mtalimbo kama kijana, akazunguka uani, akapita kati ya viti, akazunguka masufuria, akapiga kengele mbele ya mshenga. Wanawake wakapiga vigelegele. Alipomaliza mzunguko wa pili alikuwa anahema na anacheka kama mtoto.

Mshenga akakaa. "Haya," akasema. "Tuliishia ng'ombe wangapi?"

Binti akarudi ndani akikimbia, na safari hii hakuwa analia. Hapo ndipo nilipoweza kupumua.

Mzee akanisogezea baiskeli. "Panda, nikuone." Nikakataa, akasisitiza. Nikapanda mbele ya koo mbili. Ndugu zangu, mguu ulinyooka. Goti halikugusa chochote. Mgongo ulikaa wima. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa kwenye baiskeli kama binadamu. Machozi yakanilenga, na watu wakadhani bado natubu.

"Imekukaa," mzee akasema.

"Imenikaa, baba."

"Nilikuwa nimeamua kuiuza, kweli. Ila leo nimegundua bado naiweza. Siuzi tena." Akaipapasa siti. "Lakini usihuzunike. Hotuba yako nimeipenda. Nikifa, wewe ndiye utakayeisoma, na baiskeli utaichukua siku hiyo hiyo."

Watu wakavunjika mbavu. Nikashuka, nikavaa kofia. Nilipopeleka mkono kwenye sahani nichukue noti yangu, shangazi akaifunika sahani kwa kiganja. "Kilichoingia kwenye posa hakitoki, baba." Kwa hiyo nimechangia mahari ya binti nisiyemjua, kwa niaba ya bwana harusi nisiyemjua.

Nimepitia kwa Shija, nimerudi nyumbani na kibaiskeli changu. Nimemweleza Rahel nikitegemea faraja. Amecheka mpaka amekaa chini.

Kesho ni Jumapili, na nimeambiwa Mama Kulwa anaimba kwenye kwaya ya kanisani kwetu. Anayejua kanisa jingine lenye benchi la nyuma kabisa na mlango mrefu, aniandikie faragha.